Walioipa Bahari Mgongo

Kwa miaka thelathini na mitatu Tunu aliishi na picha yake mwenyewe isiyo na kiganja. Ilitundikwa ukutani, juu ya kitanda cha baba yake, kwenye fremu ya mbao iliyoliwa na wadudu pembe moja. Baba hayumo, kwa kuwa ndiye aliyepiga. Mama yumo, Bi Sharifa, kajitanda kanga mpya ambayo wanga wake bado haujatoka, anatabasamu kwa kubana midomo. Faki yumo, kaka mtu, miaka kumi na miwili, kifua mbele. Halafu Tunu, miaka saba, gauni la mikono mifupi, mkono wa kushoto umeshikwa na Faki, wa kulia umenyooka upande, unakwenda, unakwenda, na pale kwenye kifundo picha inakwisha. Mkasi umepita hapo. Tena haukupita sawasawa. Ukingo umekwenda upogo, maana aliyekata alikuwa anatetemeka.

Aliyebaki upande wa pili wa mkasi ni Raya, mdogo wao, miaka minne. Humwoni. Usimtafute. Katika mji ule mtu wa mwisho kwenye mstari ndiye rahisi kukatwa, na mji ule ulipenda mambo rahisi.

Hauna jina. Ulikuwa nalo zamani, wakalitumia mpaka likachakaa, wasione haja ya jingine. Miaka yake haihesabiwi kwa namba, inahesabiwa kwa picha: mwaka wa picha ya surua, mwaka wa picha ya kanga nyekundu, mwaka wa picha iliyoungua. Mtu akikwambia alizaliwa mwaka fulani, anakushika mkono akupeleke ukutani kwake ukajionee. Kama hayumo, basi mwaka huo hakuwapo, hata kama wewe ulikula naye sahani moja. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee wao, na walisema hivyo bila kuinua sauti, mtu anavyokutajia saa. Nani aliyekuwa mtu zaidi, yule aliyesimama au yule aliyetoka kwenye karatasi? Swali hilo halikuulizwa hadharani. Walioliuliza hawamo katika picha yoyote, kwa hiyo siwezi kuwathibitishia kwamba walikuwapo.

Mara moja kwa mwaka, asubuhi, maji yakiwa yamejaa nusu, ukoo kwa ukoo waliteremka ufukweni. Hiyo ndiyo Siku ya Mstari. Waliingia majini mpaka vifundoni, wakapanga mstari mkubwa kwa mdogo, mkono kwa mkono, wakaipa bahari mgongo. Waliosubiri zamu walisimama juu mchangani, nao migongo baharini, macho chini. Upatu ulipigwa mara moja. Tangu hapo hakuna kusema, hakuna kukohoa, hakuna kugeuka, mpaka mpiga picha atoe ruhusa kwa mdomo wake, kwa neno moja. Kwa nini wasiitazame bahari? Wengine walisema ni adabu, wengine walisema bahari ina wivu na watu wanaopendana. Mimi nadhani jambo ukishalipa mgongo miaka mingi, unaogopa kuligeukia, usije ukakuta lilikuwa likikusogelea. Lakini hebu pigeni hesabu yake. Mji mzima umegeukia nchi kavu, na anayeitazama bahari ni mmoja tu, mwenye kamera. Kwa hiyo lolote linalotokea baharini siku hiyo limetokea vile atakavyolisimulia yeye. Sultani gani angeomba zaidi ya hapo?

Na mwenye kamera mwaka ule alikuwa Makame, baba yao.

Alivyosimulia ni hivi. Bahari ilikuwa shwari. Tunu alitikisika, akamwachia mdogo wake mkono picha ikiwa inapigwa, labda pua ilimwasha, labda utundu tu. Mtoto akarudi kinyumenyume, mguu ukakosa chini, maji yakamchukua. Walilowa wote na kuanguka wote, lakini kulowa ndiyo kawaida ya siku ile, na kuanguka kulitokana na kuvutana. Upande mmoja wa picha ukaharibika kwa mtikisiko wa Tunu, ikabidi ukatwe. Nani angembishia? Na kwa kuwa aliyechukuliwa na maji Siku ya Mstari haliliwi wala hatajwi, Bi Sharifa alirudi nyumbani na nguo zake mbichi, akaosha vyombo vya asubuhi, akaanza kupika cha mchana. Mpaka anaingia kaburini jina lile halikumtoka.

Tunu alilitaja kila siku, kimoyomoyo, na kila siku aliuhoji mkono wake.

Mkono. Ulishika au hukushika. Kama uliachia, uliachia kwenye moja au kwenye nne. Kama pua iliwasha, mbona pua haikumbuki. Nakumbuka vidole vyake, vitano, vinanata sukari. Nakumbuka vikiwamo. Sikumbuki vikitoka. Kitu chenye joto kikitoka kiganjani si huacha baridi. Baridi yake iko wapi. Au ndiyo hii.

Hakuwahi kupakata mtoto wa mtu. Wenzake walipozaa na kumnyooshea kichanga, alirudisha mikono nyuma na kusema ana mafua. Mafua ya miaka thelathini na mitatu. Watu wakacheka mwanzoni, halafu wakaacha kumnyooshea. Posa mbili zilimfikia naye akazikataa zote mbili, kwa sababu ndoa huleta watoto, na watoto wana mikono. Alichotaka duniani ni kimoja tu: kuona kilichokuwa upande wa pili wa ule ukingo uliokwenda upogo, kiganja chake kilikuwa kinafanya nini. Kiwe kitupu, kiwe kimefumba, lakini akione.

Msidhani bahari ile ilikuwa ya msiba mtupu. Kabla ya hapo ilikuwa yao. Kila Ijumaa asubuhi Makame aliwachukua wanawe watatu kwenda ufukweni kupima mwanga, naye Bi Sharifa akafuata nyuma na kapu la mihogo ya kuchemsha, chumvi na pilipili kwenye kijikaratasi. Kamera ile ilikuwa kuukuu hata wakati huo: sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, kitambaa cheusi nyuma, na lenzi yenye kofia ya shaba. Bamba lake la kioo lilitaka mtu atulie hesabu tano. Kofia inafunguliwa, moja, mbili, tatu, nne, tano, kofia inafungwa. Kilichotulia kinatoka. Kilichochezacheza kinatoka ukungu. Na Raya hakuwahi kutulia hata akilishwa. Katika picha zote za Ijumaa, Faki yumo na Tunu yumo, na baina yao pana ukungu wenye miguu miwili. Makame alikuwa akiitazama karatasi inakauka, anacheka mpaka anakaa chini. "Huyu sikuzaa mtoto," alikuwa akisema, "nimezaa moshi wa kuni mbichi."

Kisha aliwaingiza wote watatu chini ya kitambaa cheusi wakatazame kwenye kioo. Humo dunia iko kichwa chini. Bahari iko juu, mchanga uko juu yake, na mama yao ananing'inia kwa miguu na kapu lake, mihogo haimwagiki. Raya alishtuka mara ya kwanza, akamkamata baba yake suruali. "Mama haanguki?" aliuliza. "Haanguki," alisema Makame. "Nimemshika." Na waliamini, kwa sababu palinuka mafuta ya nazi ya vichwa vyao vitatu, na sauti ya baba yao gizani ilikuwa karibu sana.

Chini ya kitambaa kile mtu hana umri. Tunu alilijua hilo tangu siku aliyorithi kamera, mwaka Makame alipopatwa na kiharusi na Faki akawa ameshachaguliwa mshika upatu. Akiingiza kichwa humo anakuwa na miaka arobaini na ana miaka saba, na mara nyingine hana hata mmoja, bado yumo njiani kuzaliwa, anasikia tu watu wakigombania nafasi kwenye mstari. Akitoa kichwa, jua linampa umri wake. Miaka kumi na moja aliifanya kazi hiyo, akaona migongo ya bahari... nimekosea, akaona nyuso za watu na nyuma yao bahari, na hakuna siku aliyosema alichokiona humo, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Ilikuwa alasiri, kesho yake ni Siku ya Mstari. Makame alikuwa mzee wa kugeuzwa kitandani, kiharusi kimemchukua upande mmoja, kikamwachia ulimi na jicho. Tunu alikuwa akimlisha uji, uji ukamwagika kwenye mto. Mto ule wa sufi haukubadilishwa foronya na mtu mwingine. Zamani mzee aliubadilisha mwenyewe, na tangu augue haukubadilishwa kabisa.

"Uache," alisema Makame.

"Umelowa, baba."

"Uache ulowe."

Tunu alimwinua kichwa taratibu, akauvuta. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wa baba yake ulikuwa sufi kweli, lakini upande mmoja ulivuta chini. Akaupapasa. Palikuwa na pembe. Akafumua mshono kwa meno, akaingiza mkono, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga ya marehemu mama yake: bamba la kioo, ukubwa wa daftari la shule.

Makame alifumba jicho.

Aliliinua bamba dirishani. Kwenye bamba kila kitu ni kinyume, cheupe ni cheusi, na nyuso za watu unaowapenda zinatisha. Aliwajua kwa nguo. Mama. Faki. Yeye. Na kupita yeye, pale ambapo karatasi ya ukutani inakwisha, mtu mdogo. Nyuma yao wote palikuwa na weusi ambao hakuuelewa, umetanda kutoka ukingo hadi ukingo.

Faki akaingia wakati huohuo. Alikuwa mtu mnene, sauti imemkwaruza, amezoea kuingia bila hodi nyumba ya baba yake. "Kesho tunaanza sisi," alisema. "Nimewaambia watoto wawahi kula. Hicho nini?"

"Bamba la mwaka ule."

"Lile lilivunjika."

"Limevunjika wapi? Si hili hapa, lione."

Faki hakulitazama. Alitazama dari, akatazama kuku kizingitini. "Tunu, mdogo wangu," alisema. "Watu walishakusamehe siku nyingi. Hakuna anayekusema. Unatafuta nini tena?"

"Nataka kuuona mkono wangu."

"Na ukiukuta mtupu?"

"Nitajua ni mtupu. Nitapumzika."

"Na usipokuwa mtupu?" aliuliza Faki. "Usipokuwa mtupu, sisi wengine tutauweka wapi uso? Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Maji yalinipiga kisogoni. Kisogoni, Tunu, si miguuni. Halafu baba akasema bahari ilikuwa shwari, nami nikasema ilikuwa shwari." Akajifuta jasho. "Liache. Kesho nina upatu."

Aliondoka. Tunu akaingia chumba cha giza, akafunga mlango, akawasha taa nyekundu. Alilaza bamba juu ya karatasi, akaipa mwanga kidogo, akaitia karatasi kwenye sinia la dawa, akaanza kuyumbisha. Picha haiji yote mara moja. Yanatangulia macho na nywele. Yakaja macho ya Bi Sharifa, yakaja ya Faki, yakaja yake. Zikaja nguo. Nyuma yao pakabaki peupe. Alidhani karatasi imeharibika. Aliyumbisha sinia, akasubiri bahari ije, haikuja, weupe uleule. Halafu kule juu kabisa likaja anga, kijivu, chembamba, na hapo weupe ule ukapata ukingo. Ukingo ulikuwa juu ya kichwa cha mama yake kwa kimo cha mlango.

Walikuwa wanatabasamu wote.

Hakuwa tena amesimama chumbani. Alikuwa majini, vifundoni, mchanga unamtoka chini ya nyayo unavyotoka maji yanaporudi nyuma kwa nguvu. Mbele yake baba yake amesimama kando ya kamera, kofia ya shaba mkononi, midomo inahesabu. Kisogoni palikuwa na kivuli, na kivuli kilikuwa na ubaridi. Mtoto wa miaka saba alijua kwamba hapaswi kugeuka, na mwanamke wa miaka arobaini aliyekuwa ndani yake alijua kwa nini, na wote wawili hawakugeuka. Nani alikuwa akimkumbuka nani? Alitaka kuuliza. Upatu ulikuwa umeshapigwa.

Karatasi ikamaliza. Akashusha macho kwenye mkono wake wa kulia, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi asizozijua.

Mkono ulikuwa umeshika. Vidole vitano vya Raya vilikuwa ndani ya vyake, na kidole gumba chake kimepita juu, kimefunga. Vilionekana hadi kucha. Na Tunu, mtu wa kazi hiyo, alijua maana yake kabla hajataka kuijua: kinachotikisika hutoka ukungu. Mkono ule ulitulia hesabu zote tano. Haukuachia kwenye moja, haukuachia kwenye nne. Hata Raya mwenyewe alitoka safi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, macho yamekaza mbele, mashavu yamejaa pumzi aliyoizuia ili asiharibu.

Furaha ndiyo iliyomjia kwanza, na aliionea haya. Alicheka peke yake humo ndani, mikono imelowa dawa. Hasira ilikuja nyuma yake, nayo haikuondoka.

Alikwenda kumwekea baba yake picha kifuani, bado inachuruzika.

"Wimbi," alisema.

Makame aliitazama. "Kwenye kioo bahari iko juu," alisema. "Unajua mwenyewe. Kila kitu kichwa chini. Linalopanda linaonekana linashuka. Nilidhani maji yanatoka."

Yangekuwa maneno mazuri kwa mtu mwingine yeyote wa mji ule. Faki angeyapokea. Mama yake huenda aliyapokea. Lakini Tunu alikuwa na miaka kumi na moja ya miguu mitatu na kitambaa cheusi.

"Bamba likishaingia linaziba kioo, baba. Ndani ya kitambaa panakuwa giza. Mpiga picha hutoka, akasimama kando, akashika kofia, akatazama kwa macho yake. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nje mtu alikuwa anatwanga. Makame aligeuza jicho kule kwenye sauti ya mchi.

"Uliliona kwenye ngapi?" aliuliza Tunu.

"Mbili."

"Hukusema."

"Nilikuwa nimefika tatu," alisema mzee. "Raya alikuwa ametulia, mwanangu. Wewe ulimshika akatulia. Hajawahi kutulia yule. Nikasema zimebaki mbili tu, nimpate. Mbili tu."

Tunu aliweka kidole juu ya mkono wake pichani. "Na mimi? Mimi ulinitia wapi?"

"Jambo lile lilitaka mwenyewe, mtu wa kulibeba. Mama yako lingemuua. Mimi ningepokonywa kamera, tungekula nini? Wewe ulikuwa mdogo. Nilisema atakua nalo, atalizoea."

"Sikulizoea."

"Najua," alisema Makame. "Nimelilalia."

Asubuhi mji uliteremka ufukweni. Desturi ilimtoa mpiga picha mstaafu katika sheria ile, ikaamuru aketi karibu na kamera, uso baharini, basi vijana wanne walimbeba Makame na kiti chake wakamweka. Juu mchangani koo nyingine zote zilikuwa zimeshaipa bahari migongo. Faki alipiga upatu, akauweka chini, akakimbilia majini kushika nafasi yake: yeye, mkewe, watoto wao wakubwa watatu, na mwisho wa mstari kitindamimba wao Kazija, miaka mitatu, anayenyonya kidole hata siku ile.

Kimya kikashuka. Tunu aliingia chini ya kitambaa. Wakaning'inia wote kwenye kioo, na kwa kitambo alichoshindwa kukipima waliokuwamo hawakuwa wa Faki. Palikuwa na kapu. Palikuwa na ukungu wenye miguu miwili unaokwenda huku na huku, hautaki kupangwa. Alitaka kubaki humo. Nani asingetaka? Humo hakuna aliyekwisha kuanguka. Lakini watu walikuwa wanangoja, akatia bamba, kioo kikawa giza, akatoka juani, akapewa miaka yake arobaini. Akasimama kando, akafungua kofia.

Moja.

Maji yalirudi nyuma. Yaliwatoka vifundoni, yakaacha mchanga unameta na majani ya bahari yamelala upande mmoja.

Mbili.

Kule nyuma bahari ikasimama.

"Wimbi," alisema Tunu. Kisha kwa nguvu: "Kaka, nyuma yako, wimbi."

Hakuna aliyegeuka. Faki alikaza taya, akaendelea kutabasamu. Mkewe aliendelea kutabasamu. Juu mchangani migongo mia tatu haikutikisika. Walikuwa wamelelewa kwa ajili ya dakika hiyo. Tangu wachanga walifinywa sikio wasigeuke, na sasa sauti yoyote iliyotoka kabla ya wakati wake ilikuwa kwao jaribu la bahari. Tunu alielewa kwamba angeweza kupiga mayowe mpaka koo lichanike, na wangekufa kwa adabu. Ukweli hawakuwa na pa kuutia. Walikuwa na masikio ya neno moja tu, lile linalofunga hesabu, na neno lenyewe halikuwa la bahari, wala la upatu, wala la wazee. Lilikuwa la mwenye kamera. Hakuna mtu ufukweni pale aliyekuwa na njia ya kujua kama picha imekwisha au haijakwisha, ila yeye.

Kofia ilikuwa bado mkononi mwake. Lenzi ilikuwa wazi.

"Basi," alisema, kwa sauti ya kila mwaka.

Mstari ukafunguka. Wakashusha pumzi, wakaachiana mikono, wakacheka kama watu wanavyocheka wakitoka kwenye kiatu kinachobana. Faki alimnyakua Kazija, akambeba kiunoni, wakaanza kupanda, na nyuma yao wimbi likaanguka pale walipokuwa wamesimama. Liliwafikia likiwa limepungua nguvu. Liliwaangusha, likawavingirisha, likampotezea mke wa Faki kanga yake. Tunu alihesabu vichwa. Sita waliingia, sita walitoka.

Juu mchangani watu walianza kusema, wote kwa pamoja. Faki alikuja mpaka kwenye kamera, damu gotini, mtoto anamlilia begani.

"Imetoka?" aliuliza.

"Haikutoka. Sikufunga hata lenzi. Bamba limeungua lote."

"Lakini ulisema."

"Nilisema ikiwa bado."

Faki alisimama. Angeweza kukasirika, na wazee waliokuwa wanateremka kuja walikuwa wamekasirika kabla hawajafika, kwa kuwa ukoo usio na picha hauna mwaka, na jioni ile wangempokonya Tunu kamera na kulifuta jina lake kwenye kuta zao, zibaki picha za miaka kumi na moja zisizo na mpiga picha. Faki alijua yote hayo. Kilichomshika kilikuwa kingine.

"Linaweza kusemwa kabla?" aliuliza, polepole.

"Ni neno tu, kaka. Mwenye kamera analisema anapotaka."

"Hata kwenye mbili?"

"Hata kwenye mbili."

Faki hakumtazama tena dada yake. Alimtazama baba yao kwenye kiti. Mzee alikuwa ameshafika huko kabla yao. Jicho lake moja lilikuwa kwenye mchanga mtupu uliolowa, na midomo yake, ule upande unaofanya kazi, ilikuwa inalijaribu lile neno bila sauti. Miaka yote aliyoulalia mto ule alijiambia kwamba alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, mtoto au desturi ya mji, na kwamba mtu hawezi peke yake kushindana na mji. Hilo alikuwa amelizoea. Hili jingine, kwamba desturi yenyewe ilimpa ufunguo mkononi, na bei yake ilikuwa picha moja, alikuwa amelijua kwa muda wa dakika chache tu.

"Nirudisheni nyumbani," alisema Makame.

Vijana wanne wakainama kushika kiti. Faki akawazuia kwa kiganja.

"Hapana, baba," alisema, kwa heshima yote. "Wewe kaa hapa. Itazame."

Akapanda na watoto wake. Wazee walimpita wakimwita, naye akaendelea kupanda. Tunu alibaki. Hakumpinga kaka yake, wala hakumwondoa baba yake. Alikaa mchangani kando ya kiti, mikono mapajani, akamsikiliza mzee akililia jina la mtoto wake kwa sauti, hadharani, mji mzima ukisikia. Alimwacha alie mpaka maji yalipogusa miguu ya kiti, ndipo akawaita wale vijana wambebe.